Matundu ya misumari kwenye mlango wa mvule uliokwisha kupigwa vanishi: yazibwe kwa kitu gani?

MlangoMkubwa_Chake aliuliza:

Assalaam alaykum mafundi.

Nina mlango wa mvule wa mabawa mawili, upo Chake Chake. Uso wa nje unatizama mashariki, jua la asubuhi linaupiga moja kwa moja mpaka kiasi cha saa tano. Mikanda ya urembo imepigiliwa kwa misumari ya chuma ya inchi moja na nusu, ile ya kichwa chembamba. Matundu yote ni 64. Vichwa vimezamishwa kidogo tu, hata milimita moja kwa tabu. Yakazibwa kwa unga wa msumeno na gundi nyeupe, yakapigwa msasa, halafu vanishi ya mafuta mikono mitatu.

Sasa kila tundu limekuwa doa jeusi kuliko ubao, na mengi yamezungukwa na pete ya rangi hafifu, ukubwa wa sarafu. Upande wa nje kiasi cha matundu kumi, kile kizibio kimebanduka au kimetokeza juu. Na chini karibu na kizingiti ipo misumari minane iliyozungukwa na weusi wenye ubluu unaofuata nyuzi za mbao.

Nataka kujua: inawezekana kutengeneza bila ya kuukwangua mlango mzima? Puti ya rangi inatiwa kabla ya vanishi au baada yake? Na hiyo rangi inapatikanaje, maana kopo la puti lililoandikwa rangi ya msaji halifanani na huu mvule hata kidogo.

Randa_Wete alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Huo mlango usiukwangue. Kasoro ipo kwenye tundu na nusu inchi ya pembeni yake, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Kwanza hiyo puti ya unga wa msumeno, kwa sababu karakana nyingi zinaitumia na mara nyingi inaacha alama. Gundi nyeupe ikishakauka hainywi tena vanishi. Unga wenyewe ni vijinyuzi vilivyokatika na kulala kila upande, vinakunywa gundi mpaka vishibe, na mbao iliyoshiba huwa nyeusi kuliko jirani yake. Ile pete hafifu ni gundi iliyopakazwa pembeni wakati wa kuziba. Imeingia kwenye vinyweleo vya mvule (vile vitundu vidogo vya mbao), vanishi ikapita juu bila ya kuzama. Ubao ulipokuwa mkavu pete haikuonekana, kwa hivyo msasa haukuiondoa. Mchanganyiko huo ufae rafu ya ndani ya kabati au kitu kitakachopigwa rangi nzito, usitiwe kwenye mbao itakayoonekana.

Puti ya rangi ni kitu chengine kabisa. Ni chaki laini, mafuta na rangi ya unga, ulaini wake kama donge la chapati lililokandwa vyema, na inachukua muda mrefu kukaza. Hiyo inatiwa juu ya vanishi. Kwa mlango mpya utaratibu ni huu: msasa, mkono wa kwanza wa vanishi iliyolainishwa kwa tapentaini, mkono wa pili, puti, kisha mkono wa mwisho. Ukiitia kwenye ubao mtupu, mafuta yanaikimbia puti na kuingia kwenye mbao. Unabaki na duara la mafuta ambalo halitoki, na puti iliyokosa mafuta inakuwa unga unga, inadondoka. Tena mvule una vinyweleo virefu vilivyo wazi. Visipozibwa kwanza kwa vanishi, puti inajaa humo na utaona vistari vidogo vidogo kuzunguka kila msumari, na kuvitoa ni kazi kubwa kuliko kuziba lenyewe tundu.

Sasa kazi ya mlango wako. Toa kizibio cha zamani kwa shazia au kwa bisibisi nyembamba iliyonolewa ncha. Zungusha kwa kushuka chini, usikongoe kwa pembeni, kwani mdomo wa tundu ukivunjika tundu linakuwa kubwa mara mbili. Gundi ikiwa ngumu, weka tone la maji ya moto kwa pamba, subiri dakika tano hadi kumi, gundi nyeupe ya kawaida italainika. Tone moja tu, maana maji yakipenya chini ya vanishi yanaacha weupe. Kama gundi ilikuwa ya aina isiyoingia maji, chimba mkavu mkavu, hakuna njia nyengine.

Ukikifikia kichwa cha msumari, kizamishe mpaka kiwe milimita 2 au 3 chini ya uso wa mbao. Tumia panchi ambayo ncha yake ni nyembamba kuliko kichwa cha msumari. Usipokuwa nayo, chukua msumari wa inchi nne, itie tupa ncha yake mpaka iwe bapa. Hapa ndipo penye sababu ya yale kumi yaliyobanduka: mbao inavimba masika na kunywea wakati wa jua kali, msumari wa chuma haufuati. Ubao ukinywea kichwa kinabaki pale pale na kukisukuma kizibio kwa nje. Na kizibio chenye unene wa milimita moja hakina kitu cha kushikia.

Puliza vumbi lote. Kwa brashi ndogo ya kuchorea gusisha vanishi ndani ya tundu, kuta zake zote pamoja na kichwa cha msumari, uache mpaka kesho yake. Hatua hii watu wanairuka, halafu wanashangaa puti inazama baada ya mwezi: imenywewa na kuta za tundu.

Siku ya pili kanda puti mkononi mpaka ipate joto. Tundu la msumari huo linataka kiasi cha punje ya mchele, au mbili. Isukume kwa kidole gumba huku ukizungusha ili hewa itoke, iache ipande juu kwa unene wa unywele. Iliyozidi ikate kwa kadi ya plastiki, ukipitisha kukingama na nyuzi. Kisu cha chuma kinakwaruza vanishi. Kisha pangusa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa kikawa bapa, kwani kidole ndani ya kitambaa laini kinaichota puti na kuacha kishimo. Utando wa mafuta unaobaki pembeni unatoka kwa kitambaa kilichogusishwa tapentaini, kigusishwe tu, kisilowe.

Iache siku tatu hadi saba, na masika iwe zaidi, mpaka ukigusa kwa ukucha isiache alama ya haraka. Halafu mkono mmoja wa vanishi ile ile ya mafuta. Ingekuwa vanishi ya thina, ile inayokauka kwa dakika chache, ningekwambia upitishe kwanza shelaki nyembamba (vanishi ya utomvu wa wadudu iliyoyeyushwa kwa spiriti) katikati, kwani thina inailainisha puti na uso wake unakunjamana.

Kivuli_na_Mwanga alijibu:

Fundi wa Wete kamaliza upande wa mkono. Mie naongeza upande wa jicho, kwa sababu puti inaweza kutiwa vizuri kabisa na bado ukaiona ukiwa umbali wa hatua tano.

Mbao haikai rangi moja. Mvule ukiranda leo ni manjano, baada ya miezi ya mwanga unakuwa kahawia ya dhahabu, halafu kahawia hasa. Mfenesi vivyo hivyo, manjano yake inageuka. Puti yenye rangi ya oksaidi (rangi ya unga wa madini) inabaki ilivyo. Kwa hivyo ukilinganisha na ubao uliorandwa juzi, mwakani utakuwa na vidoa vya manjano 64. Mlango wa Chake umeshakula mwanga, hiyo ni bahati: linganisha na ulivyo sasa kisha upeleke puti mbele kidogo, upande wa weusi. Doa jeusi kidogo jicho linalichukua kuwa ni kinyweleo au kifundo. Doa jeupe jicho linajua mara moja kwamba ni tundu lililozibwa.

Kwa sababu hiyo pia rangi moja haitoshi. Tizama ubao wa mvule, una mistari ya kahawia iliyoiva na mistari iliyofifia, na misumari haikuchagua. Fanya madonge matatu: hafifu, ya kati, na iliyokolea. Kila tundu litizame peke yake, uchanganye mkononi kutoka kwenye hayo madonge mpaka lifanane na milimita tano za pembeni yake. Usilinganishe na mlango mzima.

Rangi nzuri ni zile oksaidi za unga, nyekundu, njano na nyeusi, kama zile za sakafu. Kwa gramu 100 za puti isiyo na rangi, kwa mvule anza na oksaidi ya njano kijiko kimoja cha chai, nyekundu robo kijiko, nyeusi ncha ya kisu. Huo ni mwanzo tu, kila kopo lina nguvu yake. Nyeusi ndiyo inayoharibu kazi, ongeza kwa ncha ya sindano. Na unga wa oksaidi uroweshe kwanza kwa matone ya mafuta ukasagike juu ya kigae au kioo, ndipo uingie kwenye puti. Ukiutia mkavu utakuwa na vipunje visivyovunjika, na ukipangusa vinaacha michirizi myekundu.

Jaribio lifanyike kwenye kipande cha mvule kilichopigwa vanishi ile ile mikono ile ile. Weka vidoa vitano, viandikie namba, uvipake vanishi, uvisimamishe pale pale mlango ulipo. Vitizame saa nne asubuhi na uvitizame usiku chini ya taa. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya karakana mara nyingi zinaachana kwenye jua. Mlango wa nje jua ndilo lenye neno la mwisho.

Kuhusu zile pete hafifu: puti haiziondoi, maana zipo nje ya tundu. Piga msasa namba 320 mkono mwepesi juu ya pete tu. Chukua shelaki nyembamba, tia chembe ya oksaidi, na kwa brashi ya kuchorea namba 1 chora mistari inayofuata nyuzi za mbao, usipake duara zima. Mikono miwili mitatu miembamba, kila mmoja ukauke. Ukipaka kwa mkupuo mmoja utabadilisha pete nyeupe kwa pete nyeusi. Mkono wa mwisho wa vanishi utafunika vyote.

Nta_Safi alijibu:

Naona mmeisahau nta, na kwa samani ni nyepesi kuliko hayo yote. Nta ya nyuki gramu 100, rozini (utomvu mgumu wa msonobari) iliyopondwa gramu 25, oksaidi kwa kukisia. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiliweke kopo juu ya moto wenyewe, kwani nta inashika moto. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, rozini inachelewa, koroga mpaka ipotee. Mimina kwenye karatasi ya alumini iliyokunjwa kama mfereji, ikipoa kata vijiti. Rozini ndiyo inayoipa ugumu.

Isijaribiwe sandarusi, ule utomvu wa mti uliogeuka mgumu kama jiwe, badala ya rozini. Sandarusi ya mwambao huu ilipita bandari ya Unguja karne ya 19 kwenda mpaka Salem, Marekani, ikafanywa vanishi. Lakini ile inataka moto mkali mno kuyeyuka, ndani ya nta itabaki mawe.

Kijiti kinasuguliwa juu ya tundu mpaka lijae, kinakatwa kwa kadi ya plastiki, kinang'arishwa kwa kitambaa. Dakika moja tundu moja. Inafanywa baada ya mkono wa mwisho kabisa wa vanishi.

MlangoMkubwa_Chake aliandika:

Ahsanteni sana. Nimebakiwa na mambo matatu. Je, nta itavumilia uso wa nje? Ule weusi wa chini unatoka au nifunike kwa puti nyeusi? Na puti yenyewe isiyo na rangi, naweza kuikanda mwenyewe? Chaki za skuli zinafaa?

Randa_Wete alijibu:

Nta kwa uso wa nje, hapana. Anayoyasema mwenzangu ni sahihi kwa kitanda, kabati, fremu ya picha, mlango wa chumbani. Lakini nta ya nyuki huanza kulainika mapema sana kabla ya kuyeyuka, tangu kwenye nyuzi 35 hivi inakubali kufinyangwa kwa mkono, na ubao wa kahawia uliopigwa na jua la kaskazi unapita hapo kwa mbali. Ikilainika inashika vumbi na kila tundu linakuwa jeusi. Na mwakani ukitaka kurudia vanishi, haitashika juu ya nta, itajikusanya na kuacha jicho la samaki, yaani vishimo vya duara visivyoshika vanishi. Uso wa ndani wa mlango huo huo unaweza kutumia nta ukipenda. Nje ni puti ya mafuta chini ya vanishi.

Ule weusi usiufunike. Ni chuma kilichokutana na tanini ya mvule (ile asili ya mbao inayokausha mdomo, kama ya chai kali) pamoja na maji. Hapo karibu na kizingiti mvua inarudisha matone, na hewa yetu ya bahari ina chumvi, kwa hivyo msumari unashika kutu na weusi unatembea ndani ya nyuzi. Ukiweka puti nyeusi leo, mwezi ujao weusi utakuwa umeshaipita.

Misumari minane si mingi, ing'oe ikiwezekana na urudishe ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Isiyong'oka izamishe milimita 3, paka kichwa tone la gundi ya epoksi ya vichupa viwili, lifunike kichwa chote. Hilo linaikata njia ya maji kufika kwenye chuma.

Doa lenyewe linatolewa kwa asidi ya oksaliki, na halitoki mpaka asidi iguse mbao tupu. Kwangua vanishi ya kipande hicho tu, lakini kipande kamili, kutoka ungio hadi ungio. Ukikwangua duara katikati ya ubao, mpaka wake utaonekana milele, bali mpaka ukiangukia kwenye ungio hauonekani. Yeyusha gramu 50 kwenye lita moja ya maji ya moto yasiyochemka, chombo cha plastiki, brashi ya nailoni. Paka ubao wote wa kipande hicho, doa likizidi kupata mkono wa pili, kwani asidi inapausha kidogo na ukipaka doa peke yake utapata pahala peupe. Subiri dakika 20 hadi 30. Osha kwa maji safi mara tatu. Acha ikauke siku mbili au tatu kwenye kivuli chenye upepo ndipo upige msasa. Usipige msasa kabla ya kuosha, vumbi la asidi hiyo linachoma pua na koo. Ni sumu: glavu, miwani, na kopo liwe na maandishi na liwe juu watoto wasipofikia. Ndimu na chumvi vinapunguza doa changa, hili lako limeshaingia ndani.

Na baada ya hapo usitumie sufi ya chuma kusugulia mvule. Vipande visivyoonekana vinabaki kwenye vinyweleo, mvua ya kwanza unapata vidoa vyeusi mamia.

Kivuli_na_Mwanga alijibu:

Naomba niweke neno hapo kwa wanaosoma kutoka Unguja mjini. Haya ya asidi na kukwangua ni kwa mlango wa sasa. Mlango wa zamani wa nakshi ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, usiguswe kabla ya kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Weusi kuzunguka njumu za shaba na misumari ya kale ni sehemu ya umri wake, na asidi ikiingia kwenye nakshi ya mfaa (ule mti wa katikati ya mabawa mawili) haioshwi ikatoka yote. Mlango wa miaka mingi ukipauka, hakuna wa kuurudishia rangi yake.

Chaki_na_Linsidi alijibu:

Puti unakanda mwenyewe bila ya tabu. Chaki za skuli, hapana, nyingi ni jipsamu, zinakuwa chengachenga na kunywa mafuta ovyo. Unataka unga wa chaki halisi ya mawe, ule wa wauza rangi, uwe mkavu na uliochekechwa kwa kitambaa chepesi.

Kipimo: unga wa chaki gramu 500, mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa gramu 90 hadi 100. Pima kwa mizani, kwani kwa vikombe utakosea. Fanya kisima katikati ya chaki kama unavyofanya kwa unga wa maandazi, mimina mafuta kidogo kidogo, kanda dakika 15 hadi 20 juu ya kioo au kigae. Mwanzo itakuwa kavu na utashawishika kuongeza mafuta. Usiongeze. Joto la mkono litaitoa. Ikikubali kuviringishwa ikawa kamba ya unene wa penseli bila ya kupasuka na bila ya kuacha mafuta kwenye kiganja, tayari. Ikinata, imezidi mafuta, ongeza chaki kijiko kijiko. Ilaze usiku mmoja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, asubuhi uikande tena ndipo utie rangi. Utaona kitu cha ajabu kidogo: chaki ni nyeupe, lakini ikishakutana na mafuta inakuwa ya kijivu cha majani makavu na kupitisha mwanga kidogo. Hilo ndilo linaloifanya ikubali rangi ya mbao. Puti iliyotiwa rangi nyeupe ya kopo inabaki maziwa hata uifanye nini.

Gramu 600 ni nyingi mno kwa matundu 64, nusu ya nusu inatosha na itabaki. Hifadhi kwenye chupa yenye mdomo mpana, juu yake karatasi ya plastiki iguse puti yenyewe isiachie hewa. Ikipata ngozi ng'oa ngozi, usiikande ndani.

La muhimu kuliko yote haya: vitambaa ulivyofutia mafuta ya linsidi usivifinye ukavitupa kwenye kona ya karakana. Linsidi inapokauka inatoa joto, na kitambaa kilichosokotwa kinalishika joto mpaka kinawaka chenyewe bila ya kibiriti. Juu ya marundo ya unga wa msumeno, hilo ni balaa. Vitandaze kimoja kimoja kwenye kamba nje mpaka viwe vikavu na vigumu, au vitie ndani ya ndoo ya maji.

Na kabla ya kuziba tundu lolote ambalo halina msumari ndani, ligonge ubao kwa mpini wa nyundo. Likidondosha unga mwepesi kama poda, hiyo mbao imebunguliwa na mdudu bado yumo. Puti haimzuii, atatoboa pembeni. Tia dawa ya wadudu wa mbao kwa sindano ya hospitali tundu moja moja, subiri wiki kadhaa uone kama unga mpya unadondoka, ndipo uzibe.

MlangoMkubwa_Chake aliandika:

Allah awalipe kheri. La mwisho kabisa: skrubu za bawaba ya juu zimelegea, matundu yamepanuka. Nikitia puti hiyo hiyo au epoksi zitashika?

Randa_Wete alijibu:

Puti haishiki skrubu kabisa. Epoksi inashika, lakini siku ya kuitoa bawaba itang'oka na kipande cha mbao. Kata kijiti cha mvule au cha msaji, nyuzi zake ziende urefu, kichonge kiwe na upana wa tundu lililopanuka. Tundu lenyewe lisafishe kwa kekee ya milimita 8 au 10 ili liwe la duara. Paka gundi ya mbao ndani ya tundu na kwenye kijiti, kigonge mpaka kifike chini, acha usiku mzima, kisha kikate kwa patasi kilingane na uso. Toboa upya: kwa skrubu namba 8 tundu la milimita 3 linatosha kwenye mbao ngumu kama hiyo, urefu sawa na wa skrubu. Bawaba ikiwa ya shaba na skrubu zake za shaba, anza kuingiza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba, kwani shaba ikikutana na mvule mkavu inakatika shingo na kipande kinabaki ndani. Paka skrubu nta kabla ya kuizungusha. Usipake sabuni, inavuta unyevu, na hapo juu hutaki tena kutu.